Moto kifuani usiku: mama wa Sake aliyedhani amelishwa sumu

Kwa wiki tatu mama mmoja wa Sake hakusalimia jirani yake. Hema zao zinagusana, maji wanachota kwenye bomba moja, na tangu vita ilipowafukuza kwao mwezi wa pili 2024 walikuwa wanapika kwenye jiko moja ili makala yasiishe haraka. Leo huyu anasonga bugali, kesho yule analeta maharagi. Halafu asubuhi moja mama huyo akaondoa sufuria yake bila kusema neno, akaanza kupika peke yake nyuma ya hema.

Sababu ilikuwa kifua. Kila usiku, akisha kula na kulala, moto ulianza chini ya mfupa wa kifua, ukapanda mpaka kooni, ukaleta maji makali mdomoni. Aliamka, akakaa gizani na mkono kifuani, watoto wakiwa wamelala pembeni. Mara ya kwanza ilimpata usiku ule walipokula sombe ya jirani, yenye mawese mengi na pilipili.

Mtu wa Kivu anajua mawazo yanaenda wapi hapo. Umekula kwa jirani, umeanza kuumwa, na neno moja linakuja: karuho, sumu ya polepole. Mama huyo hakulitamka mbele za watu. Alimwambia shangazi yake tu, na shangazi akampeleka kwa mzee anayetapisha watu kwa majani. Alitapika asubuhi nzima. Usiku ule moto ukawa mkali kuliko siku zote.

Kambini neno kama hilo haliishi siri muda mrefu. Watoto wa jirani walianza kuulizwa bombani mama yao anaweka nini katika mboga. Kwa ajili ya neno hilo watu wamekwisha kupigwa na kufukuzwa, na mwanamke aliyefukuzwa kijijini na vita, akifukuzwa tena kambini, ataenda wapi na watoto?

Aliyemsukuma kwenda kwenye kituo cha afya ni binti yake mkubwa. Alisubiri tangu asubuhi mpaka saa saba. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akasikiliza moyo, kisha akaanza kuuliza.

“Mama, maumivu yanakuja saa gani?”

“Usiku, muganga. Nikisha kula, nikilala.”

“Na ukipanda kilima na kuni mgongoni, kifua kinakubana?”

“Hapana. Mgongo ndio unauma.”

“Yanaenda kwenye mkono ao kwenye taya? Unatoka jasho la baridi? Pumzi inakatika?”

“Hapana.”

Maswali hayo hayakuwa ya kupoteza wakati. Maumivu ya moyo mara nyingi yanakuja mtu akifanya kazi ngumu ao akitembea, yanabana kama mzigo mzito, na yanaweza kwenda kwenye bega, mkono, shingo ao taya. Ni lazima kuanza na moyo, kwa sababu moyo haungoji. Kisha muuguzi akauliza swali ambalo mama huyo hakulitegemea.

“Sombe ile, nani wengine waliikula?”

“Jirani mwenyewe. Watoto wake. Na wangu.”

“Kuna mwingine aliyeumwa?”

Mama akanyamaza.

Muuguzi akamwomba aeleze siku yake. Alfajiri anakunywa kahawa kavu, anaenda kulima ao kufua nguo za watu. Mchana mgongo ukiuma, anameza ibuprofeni za kununua moja moja sokoni, na tumbo ni tupu. Pesa anazifunga katika ncha ya kitenge na kukikaza sana kiunoni, zisianguke. Chakula ni mara moja, saa mbili za usiku: sahani imejaa, inaliwa haraka. Akisha kula analala pale pale, maana mshumaa ni wa kununua na hema ni ndogo.

Katika siku hiyo moja kulikuwa karibu kila kitu kinachopandisha asidi.

Chakula kinapita katika bomba la nyama linaloitwa umio, ambalo linashuka katikati ya kifua, nyuma ya moyo. Pale linapoingia tumboni kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Tumbo linatoa asidi kali ya kuvunja chakula. Ukuta wa tumbo unaivumilia, lakini umio hauna kinga ya namna hiyo. Tumbo likijaa sana, ao likibanwa na kitenge, ao mtu akilala mara moja, asidi inasukuma mlango ule na kupanda. Mafuta mengi, kahawa, pombe na tumbako vinaweza kuulegeza. Na kwa kuwa moyo na umio vinatumia karibu njia zile zile za mishipa ya fahamu, mtu hawezi siku zote kujua ni nini kinachouma. Hicho ndicho kiungulia. Wanawake wenye mimba wanakijua sana. Kutapishwa kulipitisha asidi nyingi zaidi mahali palipokwisha kuungua.

Si kila maumivu ya kifua kisha kula ni kiungulia. Vidonda vya tumbo vinachoma juu ya kitovu, mara nyingine usiku ama mtu akiwa na njaa. Vingi vinaletwa na bakteria inayoitwa Helicobacter pylori, ao na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Watu walisema zamani kwamba vidonda hivyo ni mawazo mengi tu. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hiyo mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapata tuzo ya Nobel. Mawe katika mfuko wa nyongo yanauma chini ya mbavu za kulia kisha chakula cha mafuta, na maumivu yanaweza kufika begani. Hata kidonge kinaweza kuunguza umio kikikwama: doksisiklini imezwe na maji mengi, mtu akiwa amekaa, asilale mara moja.

Mama alirudi na omeprazole ya kumeza asubuhi, nusu saa mbele ya kula. Aliambiwa aache ibuprofeni, na mgongo ukiuma achukue parasetamoli. Mengine hayakuhitaji pesa. Sahani ile moja aliigawa mara mbili, nusu akirudi kazini, nusu saa kumi na mbili za jioni. Alikaa saa mbili ao tatu mbele ya kulala. Kitenge alikilegeza. Kitandani alisukuma mawe bapa ya volkano, yale yaliyojaa kila mahali huku, chini ya mbao upande wa kichwa, mpaka upande huo ukainuka karibu sentimeta 15. Mto peke yake hausaidii sana, kwa sababu unakunja shingo na tumbo. Akalala kwa ubavu wa kushoto.

Muuguzi alimwachia pia onyo, na linafaa kila nyumba. Mtu asingoje kesho kama anatapika damu ao kitu cheusi kama kahawa, akienda choo cheusi kama lami, kama chakula kinakwama akimeza, kama anakonda bila sababu, ao kama kifua kinabana na jasho na pumzi kukatika. Hayo ni ya kukimbilia hospitali, si ya kwenda kutapishwa.

Wiki ya pili alilala mpaka asubuhi. Siku hiyo hiyo jioni alichukua sufuria yake, akairudisha kwenye jiko la zamani. Wanawake waliokuwa bombani waliona. Hilo alilitaka, waone.

Jirani alimtazama muda kidogo, kisha akasogeza makala.

“Mama mkubwa, kifua kinaendelea namna gani?”

“Kinapona. Kilikuwa kiungulia tu, dada. Nilikukosea.”

Jirani hakujibu mara moja. Aliosha sombe, akaiweka motoni.

“Basi pilipili nitaiweka pembeni,” akasema. “Kila mtu atajichukulia.”