Mwalimu Tuliyemfukuza

Mlezi wa chama alipotutaka tuandike juu ya jambo tulilojifunza nje ya darasa, wenzangu wengi walikimbilia safari za mbuga na mashindano ya drama. Mimi nitasimulia kosa langu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimechoka kuficha.

Nilisoma shule ya msingi ya umma kijijini kwetu, katika vilima vya Taita. Madarasa yalikuwa na sakafu ya udongo, na madirisha yalikuwa matundu tu ya kupitishia upepo. Nilipokuwa darasa la saba tuliletewa mwalimu mpya, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakugusa chaki. Alizunguka ua wote akitazama, kisha akatuambia tuje kesho na maji, majembe na chokaa kwa anayeweza kuipata.

Tulipaka kuta. Tulichimba mashimo kando ya uwanja, tukapanda miti. Tulisokota kamba za mkonge, tukasuka vikapu vya takataka. Masomo hayakukosa kufundishwa, lakini kila Ijumaa alasiri ilikuwa ni kazi tu.

Mimi nilikuwa namba moja darasani na kichwa kilikuwa kimenivimba. Jioni moja nilimwambia baba, "Siku hizi hatusomi. Tumekuwa vibarua."

"Vibarua wa nani?" akauliza.

"Wa mwalimu mgeni."

Baba alikuwa katika kamati ya wazazi. Wazee walikutana, wakasema hawakuuza mbuzi kulipia sare ili watoto wakashike majembe. Majembe yako nyumbani. Wakaamua kuandika barua mwalimu aondolewe. Na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, kalamu nikapewa mimi. Wazazi wakatia sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Kabla ya muhula kwisha mwalimu akapata uhamisho. Siku ya kuondoka alinishika mkono, akasema, "Mwandiko wako ni mzuri sana. Miti ile usiache ikose maji." Basi. Kumbe alikuwa ameiona barua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jambo hilo nililinyamazia mpaka likizo iliyopita, nilipomtembelea nyanya. Tulikuwa tukichambua maharagwe, nikajikuta nimemwambia yote. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

"Baba yangu naye alitaka kufukuzwa hivyo hivyo," akasema. "Alikuwa mwalimu wa Jinizi. Alirudi kutoka Kabete na jembe na chokaa, watu wakamcheka."

"Jinizi ni nini, nyanya?"

"Mimi nitajulia wapi? Wewe ndiwe unayesoma. Muulize mwalimu wako."

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wa historia. Alinipa vitabu viwili, na humo nikakuta kwamba ile "Jinizi" ya nyanya ni Jeanes, jina la mama mmoja wa Philadelphia, Marekani, aliyeitwa Anna T. Jeanes. Mwaka 1907 alitoa dola milioni moja zisaidie shule ndogo za mashambani za watu weusi kusini mwa nchi hiyo. Shule hizo zilikuwa na hali ya kusikitisha. Nyingine zilifanyiwa makanisani, na watoto walisoma miezi michache tu kwa mwaka, kwani pamba ilikuwa ikiwangoja shambani.

Hapo ndipo nilipokutana na Virginia Randolph. Alikuwa mwalimu Mweusi aliyeanza kufundisha mwaka 1892 katika shule ya chumba kimoja, wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia. Aliipaka shule chokaa, akatengeneza ua, akafundisha kushona na kusuka vikapu pamoja na kusoma na kuhesabu. Mwaka 1908 yeye na wanafunzi wake walipanda miti 12, wakaipa majina ya wale mitume 12. Na wazazi je? Baadhi yao walikasirika! Walisema hawakuwapeleka watoto shuleni kufanya kazi za mikono, wakataka mwalimu aondolewe. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Ilikuwa kana kwamba mtu amenisomea barua yangu mwenyewe.

Lakini Virginia Randolph hakuondolewa. Aliwaendea wazazi, akazungumza nao mpaka wakamwelewa. Mwaka huo huo wa 1908, msimamizi wa shule za wilaya, Jackson Davis, alimteua kuwa mwalimu wa kwanza wa Jeanes, azizungukie shule nyingine za wilaya na kuwasaidia walimu wake. Mpango wake ukaenea majimbo mengi.

Ulifikaje Kabete? Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Walimu walikuja pamoja na wake zao na watoto, wakajifunza kilimo, afya na ufundi, kisha wakarudi makwao kuzikagua na kuzitengeneza shule za vijijini. Mahali pale leo pana Kenya School of Government.

Ningeweza kuishia hapa, niseme wazazi wetu walikosa na mwalimu alikuwa sawa. Lakini mwalimu wa historia aliniuliza swali lililoninyima usingizi: "Je, hao wazazi hawakuwa na sababu yoyote ya kuogopa?"

Walikuwa nayo, tena kubwa. Kule Marekani watu wengi wenye madaraka walipenda Mweusi afundishwe kazi za mikono ili abaki kibarua maisha yake yote. Huku kwetu nako, enzi za ukoloni, Waafrika wengi waliishuku elimu ya majembe kwa sababu hiyo hiyo. Walitaka vitabu vile vile walivyosoma watoto wa Wazungu. Na kuna jambo jingine. Kati ya mwaka 1912 na 1932 zilijengwa karibu shule 5,000 za watoto weusi mashambani, katika majimbo 15, kwa mpango ulioanzishwa na Booker T. Washington na tajiri wa Chicago, Julius Rosenwald. Rosenwald alitoa kama dola milioni 4.3. Watu weusi wenyewe, wengi wao maskini, walichanga kama dola milioni 4.7, hata kumshinda tajiri! Ni kama harambee zetu. Lakini tusisahau kwamba watu hao walikuwa walipa kodi pia. Kodi yao ilijenga shule nzuri za watoto weupe, nao wakaambiwa wajichangie tena. Walilipia shule moja mara mbili.

Basi nimefikiri, na hili ndilo ninalotaka kuwaambia wenzangu. Barua yetu ilikuwa na haki ndani yake, ila ilikosea anwani. Sakafu ya udongo na madirisha matupu havikuletwa na mwalimu yule. Tulipaswa kuandika kwa wale waliokuwa na wajibu wa kutupa saruji na vioo, huku mikono yetu ikiendelea kupaka chokaa. Kujisaidia si kusamehe deni. Na kudai haki si sababu ya kukaa katika uchafu tukingoja. Sisi tulichagua njia rahisi: tulimpiga aliyekuwa karibu.

Nilipita pale shuleni kabla ya kurudi huku. Miti mingine ilikauka, na najua ni nani aliyeacha kuimwagilia. Sita imesimama. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekaa chini ya mmoja wao wakiimba alfabeti, kwani darasani kulikuwa na joto. Hawamjui aliyeupanda.

Nimeandika barua ya pili, kwa mwandiko ule ule, kumwomba mwalimu wangu radhi. Jarida hili likitoka nitamtumia nakala pamoja nayo. Sijui atanijibu nini. Majuto ni mjukuu, lakini hata mjukuu anaweza kutumwa kupeleka salamu.

Ndugu zangu, mkirudi makwenu likizoni, zipitieni shule zenu za zamani. Chukueni jembe mkono mmoja, na kalamu mkono wa pili. Kwaherini.