Kabla ya Kuilaumu Kingamwili

Bloti ya Western, mbinu ya kutambua protini moja miongoni mwa maelfu yaliyomo katika seli, ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyeingia maabara akiwa fundi sanifu na kustaafu akiwa mkufunzi. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1979 na Harry Towbin na wenzake huko Basel, Uswisi, ikapewa jina lake mwaka 1981 na W. Neal Burnette, na baadaye ikatumika kwa miaka mingi kuthibitisha maambukizi ya VVU. Protini huchemshwa pamoja na SDS, ambayo ni aina ya sabuni inayozikunjua na kuzipa chaji hasi, kisha hutenganishwa kwa ukubwa ndani ya jeli, huhamishwa kwa umeme hadi kwenye utando mwembamba, na mwishowe hutafutwa kwa kingamwili.

Utando unapotoka mtupu, wanafunzi walio wengi huilaumu kingamwili na kuagiza nyingine kwa gharama kubwa, ilhali huenda protini yenyewe haikufika kwenye utando. Kwa sababu hiyo mwandishi hakukubali kujadili kingamwili na yeyote ambaye hajamwonyesha utando uliolowekwa katika Ponceau S, rangi nyekundu inayoshika protini kwa dakika chache na kuondoka kwa kuoshwa. Uhamishaji uliofaulu huonyesha mistari ya waridi katika kila njia ya sampuli; duara jeupe katikati ya mistari hiyo ni alama ya kiputo cha hewa kilichobaki kati ya jeli na utando, nacho huzuiwa kwa kuviringisha mrija wa kioo juu ya tabaka hizo kabla ya kaseti kufungwa. Utando usioshika rangi kabisa huashiria mara nyingi kwamba tabaka zilipangwa kinyume, kwa kuwa protini huelekea upande chanya, na utando ukiwekwa upande hasi protini hupotelea ndani ya bafa. Utando wa PVDF nao hauna budi kuloweshwa kwanza kwa methanoli, maana hukataa maji.

Utando ukiwa mweusi wote, kosa huwa ni kingamwili iliyozidi au uzibaji hafifu, yaani kufunika nafasi tupu za utando, kwa kawaida kwa maziwa ya unga ya asilimia 5. Maziwa hayo hayafai sana pale zinapotafutwa protini zenye fosfati, kwani kasini yake nayo ina fosfati. Albumini ya ng'ombe ni bora zaidi. Azidi ya sodiamu, inayozuia bakteria, hudhoofisha peroksidasi, kimeng'enya kinachobebwa na kingamwili ya pili (ile inayoishika ya kwanza) ili kutoa mwanga, hivyo isichanganywe na kingamwili hiyo ya pili.

Wakuu wa maabara wanaombwa wasiiondoe Ponceau S katika orodha ya manunuzi: chupa moja hutumika tena na tena, na bei yake haifikii hata kidogo ile ya kingamwili.