"Hata" na "Ili" katika Barua ya Kiingereza

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mvua kubwa zilinyesha Nairobi, nasi wakaao Silanga, Kibera, kando ya bwawa la Nairobi, tulishinda siku mbili tukichota maji nyumbani. (Silanga maana yake ni bwawa, aliyetupa jina hili hakutudanganya.) Siku ya tatu nalimwandikia mkubwa wangu wa kazi barua kwa Kiingereza. Moyoni nalisema: "Nilibaki nyumbani, hata nikashindwa kuja kazini." Kalamu ikaandika: "I stayed at home so that I could not come to work."

Nikakatwa mshahara wa siku mbili. Karani mwenzangu ndiye aliyenifumbua macho: mkubwa alisoma ya kwamba nilibaki nyumbani ili nisije kazini!

Kiswahili chetu hutenga mambo haya mawili. "Ili" ni neno la kusudi. "Hata", likifuatwa na -ka-, huonyesha lililotokea. Lakini "so that" ya Kiingereza hubeba yote mawili, na ikifuatwa na "could" msomaji hufikiri kusudi kwanza. Wajuzi huyatenga maneno hayo: "The rain was so heavy that I could not come." Hapo hakuna awezaye kushuku hila. Ama huweka nukta, wakaanza upya kwa "therefore".

Naliandika barua ya pili kwa namna hiyo. Nikarudishiwa mshahara wa siku moja. Wa siku ya pili, la.