Bibi wa Muscat aniumbua

Jamani, tembea uone! Nikiwa Muscat, Oman, washikaji zangu wawili wenyeji walinipitia asubuhi twende kutanua. Tukachapa lapa kando ya bahari pale Mutrah, tukazama sokoni kwenye harufu ya ubani, halafu tukaenda kuzitazama ngome za Jalali na Mirani. Wareno walizijenga karne ya 16, wakatimuliwa mjini humo mwaka 1650. Mimi kila hatua, "Nipige picha!"

Jioni mmoja akatupeleka kwao kunywa kahawa na kula halua. Nikajiandaa kuongea kwa mikono. Wapi! Bibi yake akanikaribisha kwa Kiswahili laini kuliko changu. Kumbe kazaliwa Unguja.

"Hebu nambie mjukuu wangu, Darajani bado pana watu vile vile? Na Forodhani je?"

Nikameza mate. Mtoto wa Dar mimi, boti kama saa mbili tu, lakini Unguja sijawahi kukanyaga! Nikasema ukweli. Bibi akacheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Basi nenda, uniangalizie."

Msomaji wangu, nimerudi Bongo na deni. Jumamosi hii napanda boti. Wewe je, kwenu umeshapaona?