Nambari Iliyo Chini ya Bakuli

Mara ngapi umepita barabara ya Port Reitz kwenda uwanja wa ndege kuwapokea mahujaji bila kugeuza shingo? Kando yake, hapo Changamwe, pana makao ya wachongaji wa Kikamba, chama cha ushirika kilichoundwa mwaka 1963. Wengi wetu twapaona kuwa pahali pa watalii, na kwa kuwa sanamu hazina nafasi majumbani mwetu, twapita. Mimi nilikwenda kutafuta upawa.

Majengo hayana fahari. Ni safu za mabanda yaliyoachwa wazi ili upepo na mwangaza viingie, na chini yake mafundi wameketi juu ya mabanzi, tezo mkononi, gogo limebanwa kwa nyayo. Huyu achonga, yule apiga msasa. Mbele ndipo lilipo duka, na rafu zake zimejaa twiga na vifaru hata mtu akakaribia kukata tamaa. Bakuli, sinia na vijiko vyataka kutafutwa.

Pindua kitu chochote utaona nambari. Ni nambari ya mwanachama aliyekichonga. Kikiuzwa, fedha huandikwa kwa jina lake, na chama hubakisha sehemu ya kuendeshea duka. Hapana tajiri aliyenunua kwa bei ya kutupa ili auze ghali: walioketi mabandani ndio wenye duka.

Linalowatia wasiwasi ni miti. Mpingo na muhugu vimeadimika, na muhugu ulikatwa mno katika misitu yetu ya pwani, Arabuko Sokoke ukiwemo. Tangu miaka ya 1990 wamehimizwa kutumia mwembe na mwarobaini, ule ule ambao bibi zetu huchemsha majani yake kwa homa. Hii ni miti ya mashambani na nyuani, nayo hukua upesi. Ila mwarobaini usiokaushwa vyema hupasuka, basi ulizeni kabla ya kununua. Mnunuzi anayeshikilia muhugu kwa sababu ni mzito na wanukia ajue autoa wapi.

Nilipata upawa, na bakuli la mwembe juu yake. Nikamuuliza karani nambari ile ni ya nani. Akanielekeza safu ya tatu. Nilimkuta mzee wa makamo. Nilimwamkia, akalipokea bakuli, akalipindua, akaitazama nambari yake, kisha akapitisha kidole ukingoni kutafuta pasipo laini. Hakupaona. Akanirudishia, akaishika tezo.