Jibu Nililolitoa Bila Kujua



Mara nyingi tunapokutana tunatafakari makosa ya watu wa Biblia. Leo ninawaletea kosa langu mwenyewe, kwa kuwa wengi wenu mtakuwa wazazi karibuni.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilikuwa Omate, upande wa Walikale, nikiwaandaa wakatekumeni kati ya familia za wachimbaji wa dhahabu. Jumapili moja, baada ya ibada, mama kijana mwenye mimba ya miezi mitano alinisubiri nje ya kikanisa. Alikuwa ameambiwa aende kituo cha afya adungwe sindano ya pepopunda.

"Mwalimu," aliniuliza, "mume wangu amesikia machimboni kwamba sindano ile inafunga kizazi, na kwamba hata Kanisa limeikataa. Ni kweli?"

Habari hiyo nilikuwa nimeisikia nusunusu. Sikutaka kuonekana sijui. Nikamjibu, "Binti yangu, ngoja kwanza." Naye akangoja.

Habari yenyewe ilitoka Kenya. Mnamo Novemba 2014 maaskofu Wakatoliki wa nchi ile walieleza hadharani mashaka yao juu ya kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49. Waliuliza kwa nini wanaume wameachwa, na wakasema vipimo vilionyesha homoni iwezayo kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walijibu kwamba chanjo ni salama, na kwamba mashine zilizotumika zilitengenezwa kupima sampuli za mwili wa binadamu, si dawa ya chanjo. Maaskofu wale wale walisema pia kwamba hawapingi chanjo za kawaida. Lakini kwetu yalifika maneno matatu tu: Kanisa limekataa chanjo. Habari ilipoteza nusu yake njiani, nami nikaipokea nusu iliyobaki na kuigawa kama neno la kuaminiwa.

Mkunga wa kituo alipopata habari alinijia bila hasira. "Mwalimu," alisema, "wewe unawafundisha watoto kusoma. Nikiingia darasani mwako nikawaambia wasikusikilize, ungefanyaje?" Kisha akanieleza. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Kitovu kikikatwa kwa wembe usio safi, humwingia mtoto, naye hukakamaa, hushindwa kunyonya, na mara nyingi hufa. Mama akichanjwa, kinga yake hupita katika kondo na kumfikia mtoto tumboni. Ndiyo sababu wanawake hutangulizwa: chanjo moja huwalinda wawili. Swali la maaskofu lilikuwa na jibu, nami sikuwa nimelitafuta.

Nilikwenda kumtafuta yule mama. Familia ilikuwa imehama, kama wachimbaji wanavyohama. Miezi mingi baadaye nilikutana naye sokoni Mubi, mtoto mzima mgongoni. Nilimshukuru Mungu, nikamwomba msamaha. Akanitazama kwa mshangao. "Mwalimu," alisema, "mimi nilikuwa bado nangoja jibu lako."

Vijana wangu, maneno hayo sijayasahau. Mtoto yule hakuokolewa na hekima yangu; aliishi licha ya ujinga wangu.

Kwa nini nayakumbusha leo? Kwa sababu swali lile litarudi kwa jina jingine. Kwetu tunasema "ni mafua tu", na mama mjamzito mwenye homa huendelea kubeba maji na kulima. Lakini homa ya mafua si jambo dogo kwake. Mwaka 2009, ilipoenea duniani homa mpya ya mafua ya H1N1, wajawazito walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nchi zinazoanzisha au kupanua chanjo ya mafua ziwatangulize wao. Tena mtoto hawezi kupewa chanjo hiyo kabla ya kutimiza miezi 6. Kabla ya hapo kinga inayotoka kwa mama ndiyo ngao yake. Katika kituo chetu chanjo hiyo haipo. Ikifika siku moja, uvumi utakuwa umeitangulia.

Wala tusiwadharau wenye hofu. Watu wetu wamewaona wageni wengi wakija na ahadi na kuondoka na madini. Wanauliza kwa nini sindano ni ya bure wakati kujifungua kunalipiwa. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, ambayo iliua zaidi ya watu 2,200, wajawazito mwanzoni hawakupewa chanjo. Mwaka 2019 ikaamuliwa wapewe baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Palipo na mabadiliko kama hayo, ni rahisi watu kuona udanganyifu. Lakini anayepima hatari tena na kurekebisha uamuzi wake si mwongo. Mwongo ni yule asemaye kwa uhakika jambo asilolijua, nami nilikuwa mmoja wao.

Desemba 2020, kuhusu chanjo za korona, Kanisa lilifundisha kwamba kwa kawaida kuchanjwa kuwe kwa hiari, na pia kwamba tufikirie mema ya wote. Lakini hiari inahitaji ukweli. Yule mama hakuchagua. Mimi nilimchagulia kwa neno moja.

Siku hizi nikiulizwa nisilolijua, najibu, "Sijui, twende tukaulize," na ninaondoka pamoja na aliyeuliza. Maria alipojua kwamba Elizabeti ana mimba, hakumtumia uvumi. Aliondoka kwa haraka akaenda milimani, akakaa naye miezi mitatu hivi. Nasi tunaweza kumsindikiza dada au shemeji hadi kwa mkunga, tukambebea ndoo njiani, tukasikiliza pamoja naye.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Ni habari gani ya afya umewahi kuisambaza bila kuichunguza?
2. Ni mama gani mjamzito wa jirani anayeenda kituoni peke yake?
3. Ni nani bado anangoja jibu lako?