Katuni Zilizomliza Mume Wangu

Leo naomba nianze kwa kuungama. Kwa miaka sita ya ndoa nilikuwa mmoja wa wale wanawake wanaopita sebuleni saa nne usiku, wanamkuta mume amekodolea macho katuni za Kijapani, wanasonya, kisha wanaendelea zao chumbani. "Mtu mzima na ndevu zako!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu. Mwenzangu hakuwahi kunijibu. Alikuwa anapunguza sauti tu.

Basi bwana, wiki ya mwisho ya Oktoba 2023 mwandishi wetu wa burudani akaangushwa na malaria, na zimebaki siku nne tu gazeti liende mtamboni. Ukurasa mzima mtupu! Kwa mhariri, ukurasa mtupu ni sawa na sufuria tupu huku wageni wameshanawa mikono. Nikamwendea mume wangu nikiwa mpole kama maji ya mtungini: "Hebu nioneshe hivyo vikatuni vyako vipya, nipate cha kuandika." Alinitazama kama nimemwomba figo.

Kwa wasiojua, Wajapani hawatoi anime zao hovyo hovyo. Mwaka una misimu minne: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila msimu unaingiza mzigo mpya wa mifululizo, na mingi huwa na sehemu 12 au 13, moja kila wiki. Mashabiki hukaa mkao wa kula, wanaonja sehemu ya kwanza ya kila kitu, halafu wanachagua wa kubaki naye. Ni kama sisi na mzigo mpya wa vitenge Kariakoo: unagusa kila doti, unaondoka na mbili. Na msimu ule wa Oktoba 2023, mume wangu alinihakikishia, ulikuwa na vitu vikali kuliko kawaida.

Tulianza na kichekesho, nadhani alitaka kunilegeza. The 100 Girlfriends ni habari ya kijana aliyekataliwa na wasichana mia moja, kisha mungu mmoja mzembe anamweleza kwamba kulitokea makosa, hivyo amepangiwa wapenzi wa kufa na kuzikana wapatao mia. Asipompenda mmoja wao, msichana huyo anakufa. Kwa hiyo inabidi awapende wote! Nilimwangalia mume wangu, naye akaangalia dari. Inachekesha, siwafichi, lakini baada ya sehemu mbili nilikuwa nimeshiba. Hakuna mwanamke pale, kuna tabia tu zilizovalishwa sare za shule.

The Apothecary Diaries ndiyo iliyonikalisha kitako. Ilianza usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba, na sehemu tatu zilirushwa kwa mkupuo. Inatokana na riwaya za Natsu Hyuga. Nchi ni ya kubuni, ila inafanana na China ya zamani. Msichana Maomao, aliyelelewa na mfamasia kwenye mtaa wa makahaba, anatekwa na kuuzwa akawe mtumishi kwenye jumba la wake wa mfalme. Watoto wa mfalme wanadhoofika mmoja baada ya mwingine na watu wanasema ni laana. Maomao anatazama mara moja na kuona tatizo: ni poda nyeupe ya usoni. Ina sumu, mama anajipaka, mtoto ananyonya. Anaandika onyo kwenye kipande cha nguo yake na kuwawekea wake wawili wa mfalme kwa siri. Mmoja anaamini, binti yake anapona. Mwingine hajali, na mwanawe anakufa. Na hata baada ya msiba, wahudumu wake wanaendelea kumpaka ileile, eti bila hiyo hapendezi.

Mashosti, mnaona nilichokiona? Mkorogo! Sumu ya usoni tunayoambiwa kila mwaka tuiache, na kila mwaka dada zetu wanaipanga foleni. Nilipiga kelele pale kwenye kochi hadi mtoto akaamka. Nilimpenda Maomao kwa sababu hatafuti mume, hatafuti cheo, anatafuta ukweli wa kitu kilichomo kwenye kikombe, na akiukuta uso wake unang'aa. Yule bwana mtanashati, Jinshi, anamzunguka kama nyuki, na yeye anamwangalia kama unavyomwangalia konokono. Bomba kabisa! Niliipa alama tisa kati ya kumi, na sikushangaa iliporudi na msimu wa pili Januari 2025.

Saa tano usiku nikasema inatosha, nina vya kuandika. Mume wangu akasema, "Bado moja. Lakini hii siwezi kukuelezea."

Hapa inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Agosti ya mwaka ule tulimzika baba mkwe, Mbeya. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa kwenda safari za kazi na kurudi nyumbani siku chache kwa mwezi, akalala, akafua suti yake ya kazi, akaondoka tena. Mume wangu ndiye kifungua mimba. Siku tatu za msiba alifanya kila kitu: turubai, jeneza, mchele, usafiri wa kwaya. Na siku zote tatu hakudondosha chozi. Hata udongo ulipotupwa alisimama mkavu, mikono mfukoni. Kule jikoni nilisikia shangazi zake wakinong'ona: "Kifungua mimba, hata chozi!" Mimi nilikuwa namenya vitunguu. Sikumtetea. Na usiku ule tulipolala, nikamuuliza, tena kwa sauti ya hakimu, "Wewe, mbona hata hulii?"

Alinyamaza. Tangu siku ile akawa mtu wa sebuleni na katuni zake, mimi mtu wa chumbani na simu yangu. Hatukugombana. Ingekuwa nafuu tungegombana.

Sasa hiyo aliyoshindwa kunielezea inaitwa Frieren: Beyond Journey's End. Ilianza tarehe 29 Septemba 2023 kwa namna ya kipekee: televisheni ya Nippon TV iliirusha kwa saa mbili mfululizo, sehemu nne kwa pamoja, kwenye muda wa Ijumaa usiku ambao huwekewa filamu. Inaanzia pale hadithi nyingine zinapoishia. Mashujaa wanne wamemaliza safari ya miaka kumi, Mfalme wa Mashetani ameshauawa, wanarudi mjini kupokewa kwa shangwe. Yuko Himmel, shujaa mwenye kujipenda kiaina. Yuko Heiter, kasisi asiyebanduka kwenye chupa. Yuko Eisen, mbilikimo wa shoka. Na yuko Frieren, mchawi wa jamii ya elfi, wale viumbe wa masikio marefu. Ameshaishi zaidi ya miaka elfu moja. Kwake yeye, miaka kumi ni kama wikiendi.

Usiku ule wanaangalia vimondo, ambavyo hupita mara moja kila miaka 50. Frieren anasema kirahisi tu, mara nyingine nitawapeleka mahali vinapoonekana vizuri zaidi. Kisha anaondoka zake. Anarudi baada ya miaka 50 kama mtu aliyekwenda dukani, na Himmel ni mzee, mfupi, kichwa hakina unywele. Ahadi inatimizwa, vimondo vinaangaliwa. Halafu Himmel anakufa.

Kwenye mazishi, Frieren amesimama mkavu. Na watu wa pembeni wananong'ona: huyu si alikuwa mwenzake wa safari, mbona hata huzuni hana?

Mwili ulinisisimka. Sikuthubutu kugeuza shingo.

Kaburi linafukiwa, na ndipo Frieren anaanza kutokwa machozi. Si kilio cha kumlilia tu aliyekufa. Analia kwa sababu hamjui. Anajiuliza mbele za watu kwa nini alitembea naye miaka yote ile, akijua wazi kwamba binadamu maisha yao ni mafupi, na hakufanya bidii ya kumjua.

Nilisikia pumzi imebadilika upande wa pili wa kochi. Mume wangu alikuwa analia, bila kujificha, kifua kinapanda na kushuka. Nilizima sauti. Alipoweza kuongea alisema hivi: "Kule msibani mwenyekiti wa kwaya aliniuliza, marehemu alikuwa anapenda wimbo gani, waimbe. Sikujua. Mke wangu, nilisimama pale sijui. Akajibu baba mdogo." Akanyamaza kidogo. "Sikulia kwa sababu niliona aibu. Unamliliaje mtu usiyemjua?"

Nikamwomba radhi ya yale maneno ya Agosti. Nilichelewa miezi miwili, lakini niliomba.

Ukurasa wangu ulitoka na maneno mia nne. Nilisifu picha za studio ya Madhouse na mwongozaji Keiichiro Saito, nikausifu muziki wa Mmarekani Evan Call unaokupeleka polepole kama daladala lisilo na haraka ya abiria. Haya mengine sikuyaandika. Nayaandika sasa kwa sababu wasomaji kadhaa wameniuliza, mtu ambaye hajawahi kuangalia anime aanze na ipi, na jibu langu haliwezi kukaa kwenye maneno mia nne.

Tulibaki na Frieren hadi mwisho, sehemu zote 28, hadi Machi 22, 2024. Ijumaa ikawa yetu. Frieren anaanza safari upya, na Fern, binti yatima aliyelelewa na Heiter, halafu na Stark, mwanafunzi wa Eisen. Wanaelekea kaskazini, mahali panaposemekana roho za marehemu hupumzika, ili aongee na Himmel. Njiani anapita vijiji vilevile na kugundua mambo aliyoyafanya yule bwana bila yeye kuyaelewa. Kuna pete, kwa mfano. Himmel alimvisha akiwa amepiga goti, na ua lililochorwa kwenye pete ile maana yake ni upendo wa milele. Bibie akaichukua kama pambo! Niliipigia kelele runinga. Fern na Stark nao wananuniana kwa mambo ya zawadi hadi unadhani ni majirani zako.

Ila sitawadanganya kwamba yote ni asali. Nusu ya pili inaingia kwenye mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, watahiniwa wengi, vita vingi, na mimi nilisinzia mara mbili. Mume wangu anasema hapo ndipo penyewe. Hatujakubaliana hadi leo.

Aliniongezea na Pluto, iliyotoka Netflix tarehe 26 Oktoba wiki ileile. Ni sehemu nane ndefu, kutoka kwenye vitabu vya katuni vya Naoki Urasawa, aliyeichukua hadithi moja ya Astro Boy ya Osamu Tezuka na kuigeuza ya kipelelezi. Mwanzoni tu kuna roboti askari amekufa kazini, na mpelelezi anampelekea mjane wake habari. Mjane naye ni roboti wa aina ya zamani, uso wa bati usioweza kununa wala kulia. Anakaa kimya. Na wewe unaona kabisa kwamba amevunjika. Sehemu ile tuliiangalia tumeshikana mikono, na hakuna aliyesema neno.

Desemba tulipanda basi kwenda Mbeya, japo hatukuwa tumepanga. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, mume wangu akamuuliza mama yake, "Mama, hivi baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Leo ndiyo unauliza?" Kisha akaanza kucheka peke yake. "Baba yako? Baba yako alikuwa anaogopa bata mzinga. Mtu analala porini na simba, anafunga reli usiku, lakini bata mzinga wa jirani wakitoka, anazungukia nyuma ya choo ndipo aingie ndani." Akasimama, akashika pindo la khanga, akatuonesha alivyokuwa ananyata. Mume wangu alicheka hadi akaanguka kwenye mkeka, na safari hii sikuweza kujua kicheko kiliishia wapi na kilio kilianzia wapi. Mama aliongea hadi saa nane usiku. Wimbo aliokuwa anaupenda mzee kumbe baba mdogo naye alikosea.

Asubuhi niliamka kitandani nikiwa peke yangu. Nikachungulia dirishani, nikamwona amesimama kwenye ua wa jirani na sandozi za mama yake miguuni, anauliza kama wale bata waliacha wajukuu.